Somo la 8: Ukuta Unapanda, Mashamba Yanawekwa Rehani

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Nehemia 3:5, 27, 5:1-19, Kumbukumbu la Torati 8:11-18, 15:1-11, 24:10-22, Amosi 8:4-6, Mambo ya Walawi 25:8-37, Hesabu 27:1-7, Yakobo 2:1-9, 5:1-6, Matendo 6:1-6.

Fungu la Kukariri: Mambo ya Walawi 25:35. Fungu hili linaagiza kwamba ndugu aliyekuwa maskini, ambaye mkono wake umelegea, ategemezwe ili aendelee kuishi miongoni mwa watu wake. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila asubuhi juma hili, mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi zenye kipato cha kati cha chini. Wastani wa pato la kila mtu kwa mwaka 2019 ulikuwa dola 1,080, kiasi kilichopita kidogo kizingiti cha dola 1,036. Barabara za lami zimeongezeka, umeme umefika katika vijiji vingi, na tangu 2024 treni ya umeme inasafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mwenye macho hawezi kusema hakuna kilichobadilika, na Mkristo ana sababu ya kumshukuru Mungu kwa hayo.

Hata hivyo, katika benchi moja la kanisa wanaweza kuketi watu wawili ambao mabadiliko hayo yamewafikia kwa namna tofauti kabisa. Mmoja ameongeza nyumba ya tatu ya kupangisha. Mwingine ameuza shamba alilorithi ili alipe deni. Wote wawili wanaimba wimbo uleule na kurudisha zaka katika kapu lilelile. Je, Neno la Mungu lina la kusema juu ya umbali uliopo kati yao?

Juma hili tunajifunza habari za mji uliokuwa ukijengwa kwa kasi wakati wajenzi wake walikuwa wakipoteza mashamba. Kiongozi wa ujenzi huo aliamini kwamba ukuta mzuri hautoshi kumpa Mungu utukufu ikiwa ndugu anakuwa mtumwa wa ndugu yake ndani ya ukuta huo.

JUMAPILI: Kilio Ndani ya Ukuta

Soma Nehemia 5:1-5. Ni makundi gani ya watu yaliyolalamika, na kila kundi lilikuwa na shida gani?

Nehemia alifika Yerusalemu katika mwaka wa ishirini wa mfalme Artashasta, akakuta kuta zimebomoka na malango yameteketezwa. Aliwapanga watu kwa familia, kwa miji na kwa kazi zao. Ukuta ukamalizika kwa siku 52 (Nehemia 6:15). Kwa kipimo chochote cha maendeleo, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Usalama ulirudi, heshima ya taifa ikarudi, na maadui wakaogopa.

Lakini sura ya 5 inaufungua mlango wa nyuma wa mafanikio hayo. Kilio kikubwa kilisikika, na safari hii hakikuwa juu ya Sanbalati wala Tobia. Watu na wake zao waliwalalamikia Wayahudi wenzao. Kundi la kwanza lilikuwa na watoto wengi na halikuwa na nafaka. Kundi la pili lilikuwa limeweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili lipate chakula wakati wa njaa. Kundi la tatu lilikuwa limekopa fedha ili kulipa kodi ya mfalme. Mwisho wa njia zote tatu ulikuwa mmoja: wana na mabinti waliingizwa utumwani, na wazazi hawakuwa na uwezo wa kuwakomboa kwa sababu mashamba yalikuwa tayari mikononi mwa watu wengine.

Angalia mpangilio huo. Umaskini wa watu hawa haukuanza kwa uvivu, kwa kuwa walikuwa kazini ukutani. Ulianza kwa mambo matatu yaliyokutana: njaa kuingia, kodi kudaiwa, na mkopeshaji kusubiri. Mwenye akiba alivuka mwaka huo na mali zaidi ya aliyoanza nayo. Asiye na akiba alivuka bila shamba. Njaa ileile ilimtajirisha mmoja na kumfilisi mwingine.

Kuna jambo jingine dogo ambalo ni rahisi kulipita. Soma Nehemia 3:5 na 3:27. Watu wa Tekoa walijenga sehemu yao ya ukuta, kisha wakajenga na sehemu ya pili. Wakuu wao hawakuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo. Orodha ya wajenzi ingeweza kunyamaza kuhusu wakuu hao, lakini Roho Mtakatifu aliona vema iandikwe. Mbinguni kuna kumbukumbu ya aliyebeba mawe na ya aliyetazama tu.

Tafakari: Katika maendeleo ya eneo unaloishi, iwe ni barabara, shule au zahanati, ni nani waliobeba mawe? Ni nani waliofaidika zaidi? Je, ni watu walewale?

JUMATATU: Wastani Unapoficha Watu

Soma Kumbukumbu la Torati 8:11-18 na Luka 12:15-21. Ni hatari gani inayotajwa pale mali inapoongezeka?

Biblia hailaani ukuaji. Musa aliwaambia Israeli mapema kwamba watajenga nyumba nzuri, mifugo yao itaongezeka, na fedha yao itazidi. Aliwakumbusha pia kwamba nguvu ya kupata utajiri hutoka kwa Mungu. Hatari aliyoionya ni kusahau: mtu kuitazama mali yake na kudhani ni mkono wake peke yake uliomletea. Anayemsahau Mpaji husahau upesi na jirani. Tajiri wa Luka 12 alizungumza na nafsi yake tu juu ya maghala. Katika mipango yake yote hakumtaja mtu mwingine hata mmoja.

Mwalimu anaweza kulisaidia darasa kwa hesabu nyepesi. Chukua watu kumi. Tisa wanapata shilingi 100,000 kila mmoja kwa mwezi, na wa kumi anapata 1,100,000. Wastani wao ni 200,000. Mwaka unaofuata yule wa kumi anapata 2,200,000 na wale tisa wanabaki palepale. Sasa wastani ni 310,000. Kwa karatasi, kundi hilo limekua kwa asilimia 55. Katika nyumba tisa kati ya kumi, hakuna kilichoongezeka mezani.

Hali halisi ya nchi si kali kama mfano huo, lakini mfano unasaidia kuielewa. Kati ya 2000 na 2018 uchumi wa Tanzania ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Tafiti za mapato na matumizi ya kaya za Tanzania Bara zinaonyesha kwamba walioishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walikuwa asilimia 34.4 mwaka 2007, asilimia 28.2 mwaka 2011/12, na asilimia 26.4 mwaka 2017/18. Umaskini umepungua, na hilo ni jema. Lakini katika miaka sita ya mwisho ulipungua kwa chini ya pointi 2 za asilimia, huku idadi ya watu ikiongezeka kwa karibu asilimia 3 kila mwaka. Kwa hiyo hesabu ya vichwa vya watu maskini haikushuka.

Umbali kati ya mahali na mahali unaonekana pia. Mwaka 2017/18 kiwango cha umaskini vijijini kilikuwa asilimia 31.3, na mijini asilimia 15.8. Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 8, na Rukwa asilimia 45. Sababu moja kubwa inaeleweka hata na mtoto wa shule. Sekta zilizokwenda mbio, kama ujenzi, madini na mawasiliano, huajiri watu wachache. Kilimo, kinachotegemewa na takriban watu wawili katika kila watatu wa nguvu kazi, huchangia karibu robo tu ya pato la taifa, na kimekua polepole zaidi. Mto umejaa, lakini mfereji unaoelekea kwenye mashamba mengi ni mwembamba.

Kwa nini Mkristo ajali takwimu hizi? Kwa sababu Mungu hahesabu kwa wastani. Anapokagua taifa, huuliza habari za mjane, yatima, mgeni na kibarua (Kumbukumbu la Torati 24:14-22). Mchungaji mwenye kondoo 99 nyikani alikuwa na wastani mzuri sana. Alitoka kumtafuta mmoja (Luka 15:4).

Tafakari: Ukilitazama kanisa lako bila wastani, mshiriki mmoja mmoja, ni nani ambaye hali yake ni mbaya kuliko ilivyokuwa miaka mitano iliyopita? Je, kanisa linajua?

JUMANNE: Vipimo na Mikopo

Soma Amosi 8:4-6. Ni matendo gani ya sokoni ambayo nabii anayataja kuwa dhambi? Yanahusianaje na Sabato?

Amosi alikuwa mtu wa Tekoa, mji uleule ambao baadaye wakuu wake walikataa kuinamisha shingo. Alihubiri wakati Israeli ya kaskazini ilikuwa na utajiri mwingi chini ya Yeroboamu wa pili. Wafanyabiashara aliowakemea hawakuwa wapagani. Waliitunza Sabato, angalau kwa kufunga maduka. Tatizo ni kwamba waliitunza huku wakitazama jua, wakingoja lizame ili waendelee kupunja kwa kipimo kidogo na mizani ya udanganyifu. Mwadventista anapaswa kulisoma fungu hili polepole. Inawezekana kufunga duka Ijumaa jioni kwa saa iliyo sahihi, na kulifungua Jumamosi usiku kwa mizani isiyo sahihi.

Kipimo cha udanganyifu kina majina yake Tanzania. Mkulima wa viazi au vitunguu anaijua lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likaota kichwa cha kamba, ambalo hulipwa kwa bei ya gunia moja. Imekatazwa na sheria, lakini ipo. Mkoani Kagera linajulikana neno butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa sababu ya shida ya fedha. Mtwara na Lindi wanaijua kangomba, ununuzi wa korosho kwa bei ya kutupa nje ya utaratibu uliowekwa. Katika yote matatu mnunuzi hakuiba kwa nguvu. Aliifahamu shida ya muuzaji na kuifanya kuwa faida yake. Hapo ndipo pengo linapoanzia. Jasho la msimu mzima huhama kutoka nyumba moja kwenda nyingine katika asubuhi moja.

Soma Kutoka 22:25-27 na Kumbukumbu la Torati 24:10-13. Mungu aliweka mipaka gani kwa mkopeshaji?

Torati haikukataza kukopesha. Ilikataza kumtoza riba ndugu maskini, kuingia nyumbani kwake kuchukua rehani, na kulala na vazi lake usiku wa baridi. Mkopo ulikuwa kamba ya kumtoa mtu shimoni, na haukuruhusiwa kuwa kitanzi. Katika Nehemia 5:11 riba iliyotozwa inaitwa sehemu ya mia. Wafasiri wengi huielewa kuwa asilimia 1 kwa mwezi, yaani 12 kwa mwaka, na hiyo ilitosha kumkasirisha mtu wa Mungu. Leo mama lishe akichukua 100,000 na kutakiwa kurudisha 130,000 baada ya mwezi, ametozwa asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Watu wenyewe wameiita mikopo ya namna hiyo kausha damu, na hakuna mhubiri angeweza kuipa jina linalofaa zaidi.

Njia nyingine zipo. Vikundi vya VICOBA na SACCOS vinavyoendeshwa kwa uaminifu vimewaokoa wengi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Washiriki wengi hawajui, au hawajui namna ya kuunda kikundi na kuandika maombi. Mshiriki mwenye elimu akitumia jioni moja kuwasaidia, ametii Mambo ya Walawi 25:35.

Tafakari: Je, kuna mshiriki wa kanisa anayewadai washiriki wenzake kwa riba ya kausha damu? Kama yupo, upendo unadai afuatwe kwa njia gani? (Mathayo 18:15.)

JUMATANO: Kila Mtu Arudi Kwenye Milki Yake

Soma Mambo ya Walawi 25:8-28. Ni nini kilitokea kwa ardhi katika mwaka wa yubile, na ni sababu gani Mungu aliyoitoa?

Kanuni ya Sabato haikuishia siku ya saba. Kila mwaka wa saba madeni yaliachiliwa (Kumbukumbu la Torati 15:1-2). Baada ya miaka saba mara saba, katika mwaka wa hamsini, tarumbeta ilipigwa na kila mtu akarudi kwenye milki yake. Aliyeuza shamba kwa shida alijua kwamba wajukuu wake hawatazaliwa bila ardhi. Bei yenyewe ilihesabiwa kwa miaka iliyobaki mpaka yubile, kwa sababu kilichouzwa kilikuwa mavuno, na ardhi ilibaki kuwa ya Bwana.

Hapa Mungu aligusa mzizi wa jambo. Hakuamuru kila nyumba iwe na kipato sawa. Mwenye bidii angeweza kuvuna zaidi, na mzembe angevuna kidogo. Alichokizuia ni tofauti ya kizazi kimoja kugeuka kuwa hatima ya vizazi vyote. Sadaka ya chakula humlisha maskini leo. Shamba, ujuzi na uhuru kutoka kwenye deni humpa nafasi ya kujilisha kesho. Yubile ilirudisha msingi huo.

Serikali ya leo haitawaliwi kwa sheria ya yubile, na kanisa halijapewa kazi ya kugawa mashamba. Lakini kanuni iliyo nyuma yake haijazeeka: kila familia ibaki na kitu cha kuanzia. Kwa kipimo hicho mwamini anaweza kutambua mema yanapotokea. Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne isiyo na ada, iliyoanza Januari 2016, iliwapa watoto wengi msingi ambao wazazi wao hawakuupata. Mpango wa kunusuru kaya maskini kupitia TASAF umeziwezesha kaya nyingi kununua kuku, mbuzi au madaftari. Hayo hayakumaliza tatizo, lakini yanaelekea upande ambao tarumbeta ya yubile ilielekea.

Soma Hesabu 27:1-7. Binti za Selofehadi walidai nini, na Mungu alijibu nini?

Wanawake watano walisimama mbele ya Musa na kuomba urithi wa baba yao. Mungu alisema wamesema haki. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zinatambua haki ya mwanamke kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Pamoja na hayo, mjane anaweza kumzika mumewe Jumanne na kuambiwa na shemeji zake Jumapili kwamba shamba ni la ukoo. Wengine kati ya mashemeji hao ni washiriki wa kanisa. Mchungaji au mzee wa kanisa aliyehubiri kwenye maziko hayo hajamaliza huduma yake kaburi linapofukiwa. Yakobo 1:27 inamtaka arudi kumtazama mjane katika dhiki yake, na dhiki yake ni shamba.

Tafakari: Je, umeandika wosia? Mkeo au binti zako wangebaki na nini ikiwa ungelala katika Bwana juma hili?

ALHAMISI: Nehemia Alianza Nyumbani Kwake

Soma Nehemia 5:6-19. Eleza hatua alizochukua Nehemia, moja baada ya nyingine.

Nehemia alikasirika sana, kisha akashauriana na nafsi yake kabla ya kusema. Hasira ya haki ilipita kwanza katika moyo uliotulia. Halafu aliwakemea wakuu na mashehe waziwazi, akakusanya mkutano mkubwa. Angeweza kusema jambo hilo lingoje mpaka ukuta umalizike, kwa kuwa maadui walikuwa karibu na umoja ulihitajika. Hakusema hivyo. Alitambua kwamba umoja unaojengwa kwa kuwanyamazisha wanaoumizwa ni ukuta usio na msingi.

Katika mstari wa 10 kuna maneno yanayoweza kuwashangaza wasomaji. Nehemia alikiri kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wamewakopesha watu fedha na nafaka. Hakujitenga na wale aliowakemea. Aliwaita waache riba pamoja naye, na warudishe siku ileile mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba. Nao wakakubali. Ahadi yao ilithibitishwa kwa kiapo mbele ya makuhani, kwa sababu toba inayohusu mali huyeyuka upesi isipoandikwa.

Kwa miaka 12 hakula chakula cha liwali kilichokuwa haki yake, kwa sababu utumwa wa watu ulikuwa mzito. Mstari wa 16 unaongeza kwamba hawakununua shamba lolote. Wakati wa njaa ardhi huwa rahisi, na mwenye cheo na fedha hupata nafasi ya kununua bonde zima. Hakuna sheria ambayo ingemzuia. Hofu ya Mungu ilimzuia.

Kanisa linaweza kuanza vivyo hivyo, nyumbani kwake. Soma Yakobo 2:1-9 na ufikirie changizo la ujenzi wa kanisa. Anayeahidi milioni anaitwa mbele na kupigiwa makofi. Mjane aliyeleta kuku anaandikwa katika orodha ambayo haisomwi. Yesu aliketi kuelekea sanduku la hazina, na aliyemtaja kwa wanafunzi wake ni mjane mwenye senti mbili (Marko 12:41-44). Soma pia Yakobo 5:4 na umfikirie kibarua aliyelima shamba la mshiriki na kuambiwa arudi wiki ijayo, na ijayo, na ijayo.

Halafu fikiria amri ya nne. Katika Kumbukumbu la Torati 5:14 Mungu anataja mtumwa wa kiume na wa kike, ili nao wapumzike kama bwana wao. Dada wa kazi anayebaki jikoni Sabato asubuhi, akipika chakula cha wageni wakati familia iko kanisani, amenyang'anywa siku ambayo Mungu aliiweka ili tajiri na maskini wapumzike sawasawa angalau mara moja kwa juma.

Kanisa la kwanza nalo lilikutana na manung'uniko. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6:1-6). Mitume hawakuwaita wachochezi. Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba wenye sifa njema, na majina yao yanaonyesha kwamba upande uliolalamika ulipewa nafasi katika usimamizi. Matokeo yake, Neno la Mungu likazidi kuenea (mstari wa 7). Uinjilisti ulisonga mbele kwa sababu meza iligawanywa kwa haki.

Tafakari: Ikiwa Nehemia angekagua nyumba yako, biashara yako na baraza la kanisa lako, ni jambo gani moja angetaka lirudishwe siku hiyohiyo?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Katika kitabu chake Manabii na Wafalme, Ellen G. White anaeleza habari za Nehemia na wale waliowakandamiza ndugu zao. Anaonyesha kwamba roho ile ya wakuu wa Yerusalemu inaweza kuonekana hata kati ya watu wanaodai kumcha Bwana. Soma habari hizo pamoja na Nehemia 5, na uangalie jinsi anavyounganisha ibada na biashara ya kila siku.

Wengine husema kwamba Yesu mwenyewe alisema maskini watakuwapo siku zote, na kwa hiyo hakuna la kufanya. Maneno hayo (Mathayo 26:11) yanatoka katika Kumbukumbu la Torati 15:11, na pale yanafuatwa na amri ya kufungua mkono. Kuwapo kwa maskini ndiyo sababu ya kutenda. Wengine wanafundisha kwamba utajiri ni uthibitisho wa imani, na umaskini ni alama ya laana. Wajenzi wa Tekoa waliobeba sehemu mbili za ukuta wanaijibu hoja hiyo. Ni kweli pia kwamba asiyetaka kufanya kazi hana haki ya kula jasho la wengine (2 Wathesalonike 3:10). Fungu hilo linamhusu anayekataa kazi. Halimhusu aliyefanya kazi na kunyimwa ujira.

Wanaomngoja Bwana wanajua kwamba haki kamili itakuja na Yeye. Isaya 65:21-22 inaahidi nchi ambayo mtu hatajenga nyumba akae mwingine, wala hatapanda shamba ale mwingine. Anayeamini ahadi hiyo huanza kuishi kwa desturi za nchi hiyo sasa, katika mizani yake, katika deni analodai na katika wosia wake.

Maswali ya Kujadili:

1. Nehemia alishughulikia malalamiko kabla ukuta haujamalizika. Je, ni malalamiko gani katika makanisa yetu yanayoambiwa yangoje mpaka ujenzi uishe? Matokeo ya kungoja huko ni nini?

2. Jadilini tofauti kati ya kumpa maskini chakula na kumrudishia msingi wa kujitegemea. Ni wakati gani kila kimoja kinafaa? Idara ya Dorkasi ya kanisa lenu hufanya kipi zaidi?

3. Mshiriki mfanyabiashara anasema: "Nikiacha lumbesa, wenzangu watanishinda na nitafunga biashara." Darasa lingemjibu nini, na lingemsaidia kwa njia gani ya vitendo?

4. Orodhesheni, bila kutaja majina mbele ya watu, mahitaji matatu ya washiriki ambayo darasa hili linaweza kuyagusa kabla ya mwisho wa robo: kibarua asiyelipwa, mjane anayedaiwa shamba, kijana anayehitaji kuandikiwa maombi ya mkopo wa halmashauri. Chagueni moja. Amueni nani atakwenda, lini, na atatoa taarifa Sabato gani.